Aliyeshukia Upande wa Mahindi

Treni ya Butere ilipotoka Kisumu mchana ule wa Jumatatu, mvua ilikuwa bado iko juu ya ziwa, lakini giza lake lilikwisha fika Kondele, na kila mwenye macho alijua itawakuta njiani. Abiria walijazana mabehewa mawili ya mbele, wengine wamepakatana. Behewa la tatu, la mwisho la abiria, lilikuwa tupu isipokuwa watu watatu. Tangu Ijumaa hakuna aliyetaka kulikalia, maana nyuma yake, mlango mmoja tu, kulikuwa na behewa la gadi, msimamizi wa treni, na humo ndimo Gadi Dalmas alimopigwa chuma cha kichwa akafa.

"Hata wale wadandiaji wasiolipa nauli wamelikataa, afande," alisema Sajenti Dishon. "Mjaluo mwenzangu akikataa cha bure, jua kuna jambo."

Inspekta Wakhisi hakucheka. Yeye mwenyewe hakulipenda behewa lile. Taa zake hazikuwaka, dirisha moja halikufunga, na mlango wa kuelekea kwa gadi ulikuwa na tabia ya kujifungua treni ikipiga kona. Ulijifungua, ukajigonga, ukanyamaza, ukajigonga tena. Kila ulipojigonga, mwanamke aliyeketi benchi la mwisho alishtuka mwili mzima.

Mwanamke huyo aliitwa Nasipwondi. Alikuwa mjane, mtu wa Kimilili, mfanyabiashara wa omena na samaki wakavu. Alikuwa akinunua kwenye vituo vya huku chini karibu na ziwa, akaenda kuuza soko la Luanda. Ijumaa ile alipandia kituo kidogo cha Kodiere na kuketi pale pale, karibu kabisa na mlango wa gadi. Polisi walikuwa wamemwuliza Ijumaa, wakamwuliza Jumamosi, wakamfuata mpaka kanisani Jumapili. Jibu lake lilikuwa moja: "Sikuona mtu."

"Afande," alisema sasa, mikono imekumbatia kikapu. "Mimi nimekubali kupanda. Nitakaa hapa mnapotaka. Lakini asubuhi nilikuomba kitu."

"Nimesikia, mama. Ni habari ya mtoto wako."

"Agneta. Anakaa nyumba za reli pale Kisumu. Kila Jumatatu yeye huja stesheni tukaonana. Leo hajakuja. Tuma mtu akamwangalie, baba. Hata askari mmoja tu."

"Ni mgonjwa?"

"Tuma mtu tu."

"Tukirudi tutapitia kwake."

Nasipwondi alimtazama. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mkirudi," alisema. "Mtoto nimebaki na huyo mmoja. Wengine wote niliwazika. Huyo akienda, mimi sina tena cha kuamkia."

Sasa, Wakhisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na haraka, kama tujuavyo, haina baraka. Kesho yake asubuhi kijana mmoja aitwaye Tom, msaidizi wa dereva wa treni hii, alikuwa apandishwe kortini kwa kosa la kuua, na kosa hilo mwisho wake ni kitanzi. Wakubwa walikwisha ridhika kwamba ni yeye. Aliyekataa kuridhika ni Wakhisi peke yake, wakampa siku moja ya kujifurahisha. Mtu aliyepewa siku moja huliona kila ombi la kando kuwa nzi wa kufukuza. Akamfukuza huyu pia, akamgeukia Dishon.

"Hebu turudie. Ijumaa."

"Treni ilisimama Kodiere," Dishon alianza. "Watu wakashuka, wengine wakapanda. Dereva akangoja gadi atoe bendera ya kijani. Bila bendera ya gadi dereva haondoki, hata kama ni arusi yake inamngoja. Bendera haikutoka. Akapiga honi. Kimya. Akamtuma Tom arudi nyuma kuangalia. Tom akaingia kwa gadi, akamkuta Dalmas amelala. Akamwinua, akajipaka damu, akatoka akipiga kelele. Na wiki iliyopita hao wawili walitukanana mbele ya watu."

"Walitukanana kuhusu nini?"

"Mpira. Gor na Ingwe."

"Kwa hiyo sasa mtu anaua kwa sababu ya mpira?"

"Afande, wewe hujakaa Kisumu vizuri." Dishon alikohoa. "Lakini mke wa Dalmas anasema kuna neno lingine. Bwana yake alikuwa amegundua mtu wa treni hii anauza tena tiketi zilizotumika. Alisema Jumamosi atakwenda kwa wakubwa kumtaja."

"Na msaidizi wa dereva atauzia tiketi wapi? Ndani ya injini?"

Ukweli una tabia ya kuwa rahisi ukisemwa kwa sauti.

"Yule mwenye shamba la mahindi aliona mtu wa koti la reli. Siku ile waliovaa koti hilo ni nani?" Wakhisi aliendelea.

"Dereva, Tom, marehemu, na mkaguzi wa tiketi, Wepukhulu. Dereva hakutoka kwa injini, stesheni masta alisimama akiongea naye. Wepukhulu, honi ilipolia, watu wa behewa la pili walimwona pale kati yao akitoboa tiketi."

Wepukhulu. Wakhisi alikuwa ameonana naye asubuhi ile ile stesheni ya Kisumu. Alikuwa amepewa ruhusa ya kupumzika kwa mshtuko, lakini alikuja hata hivyo kuuliza kama kuna msaada. Mtu wa kwao, Mbukusu mwenzake, mpole, maneno yake ya kuchagua. Alimletea Wakhisi chai kwa mkono wake. Wakhisi, kwa kufurahia chai na lugha ya nyumbani, akamwambia mpango wote. Tuna mama mmoja mwuza omena aliyekaa pale mlangoni. Leo tunamrudisha pale pale alipokaa. Mtu ukimrudisha mahali, hukumbuka.

"Vizuri," Wepukhulu alisema. Akaaga, akaiacha chai yake mwenyewe kwenye kikombe.

Mvua iliwapata kabla ya Kodiere. Ilikuja kwa upepo, ikapiga mabati ya behewa mpaka watu wakalazimika kupayuka. Nje kukawa jioni ingawa saa zilikuwa bado za mchana. Treni iliposimama, Wakhisi na Dishon hawakushukia jukwaani. Walipita kwa gadi mpya, wakafungua mlango wa upande wa pili, ule usio na jukwaa, wakaruka kwenye matope. Mahindi yalikuwa hapo hapo, karibu yaguse reli.

Lornah, mwenye shamba, alikuwa amejikinga mvua kwa gunia. Hakuwa na subira na polisi.

"Mmekuja kumaliza yale yaliyobaki?" aliuliza. "Ijumaa askari wenu walinikanyagia mistari mizima. Yawa! Mtu amekufa kwa treni, mahindi yangu yamekosa nini?"

"Mama Lornah, samahani," alisema Wakhisi. "Tuambie tena ulichoona."

"Nilisema. Mtu wa koti la reli na kofia. Alitoka mlango huu huu mlioruka nyinyi. Mgongo nimeona, uso sikuona. Honi ilikuwa haijalia."

"Halafu akaenda wapi?"

Lornah alimkazia macho. "Hilo sasa ndio mnauliza leo?"

"Hawakukuuliza?"

"Waliniuliza kama nilimwona akishuka. Nikasema ndiyo. Wakashukuru, wakaenda zao." Alinyoosha mkono chini ya gunia. "Alipita hapa, ameinama. Akavunja majani ya mahindi, akajipangusa viatu. Mimi nikapiga kelele, wewe! Hakugeuka. Akapandia pale, behewa la katikati."

"Si injini?"

"Mimi najua injini, afande. Ni ile inatoa moshi. Huyo alipandia katikati."

Dishon alipiga mluzi mdogo. Behewa la katikati ndilo la pili, na Tom hakuwa na shughuli huko. Tom alitoka kwenye injini kupitia jukwaani, watu wakimwona. Aliyepandia katikati, viatu vimepanguswa, akaanza kutoboa tiketi, alikuwa mmoja tu.

"Ni Wepukhulu," Dishon alisema. "Tukamchukue."

"Kwa ushahidi gani? Mgongo?" Maji yalikuwa yakimwingia Wakhisi kolani. "Fikiri, Dishon. Mkaguzi wa tiketi ana ruhusa ya kupita kila mlango. Angemaliza kazi yake chafu, akafungua mlango wa ndani, akaingia behewa la tatu akiita tiketi, tiketi, akapita mpaka la pili. Nani angeshangaa? Badala yake anaruka kwenye matope, anatukanwa na mwenye shamba, anajichafua viatu. Wakili atauliza kwa nini, na korti nzima itatucheka. Kwa nini hakupita ndani?"

"Labda aliogopa kuonwa."

"Na nani? Behewa la tatu watu wote walikuwa wamejitoa madirishani, upande wa jukwaa, wakinunua ndizi na samaki. Aliyekuwa amekaa ndani ni Mama Nasipwondi peke yake. Mwanamume mzima, ameua sasa hivi, chuma bado kiko miguuni pake, anamwogopa mwanamke mzee na kikapu cha omena?"

Swali lile lilimwuma Wakhisi mwenyewe.

Akapanda tena kwa gadi mpya, akamwambia asitoe bendera kwanza. "Niazime koti lako na kofia," alimwambia. Gadi alisita, maana nani hupenda kulivaa koti ambalo afande amelivaa akiigiza muuaji? Lakini akalivua. Wakhisi akalivaa. Akamwambia Dishon azunguke, aketi behewa la tatu, aangalie tu.

Alibaki pale kati ya kuta za mbao. Doa la Dalmas lilikuwa limesuguliwa kwa maji na sabuni, lakini mbao zilikuwa zimeshalinywa. Mvua ilipiga. Wakhisi alisikia hofu ikimpanda miguuni, hofu ya kweli, ya mtoto, akaionea haya, nayo haikujali. Akasema moyoni: mimi ndiye. Nimekwisha ua. Sasa naondoka. Akashika komeo la mlango wa ndani, akaufungua.

Behewa lilikuwa giza. Aliona kikapu kwanza, kisha magoti, kisha uso wa Nasipwondi ukimwinukia. Nasipwondi aliona koti, aliona kofia. Alitoa sauti ndogo, akavuta leso kichwani mpaka kifuani, akajigeuza mzima mzima akatazama ukuta, akajikunja pale.

Na Wakhisi, kabla hajafikiri neno lolote, alikuwa amerudi nyuma. Mguu wake ulirudi wenyewe. Uso wake ulikwisha tazama chini, mkono wa kushoto umeuvuta mlango ukafungwa. Alipopata akili alikuta mkono wa kulia tayari umeshika mlango mwingine, ule wa upande wa mahindi.

Akasimama vile vile, akiutazama mkono wake.

Mke wa Wakhisi alikuwa mtu wa Chwele. Siku moja sokoni Wakhisi alikunja kona akakutana na mama mkwe wake ana kwa ana, na mama yule wa watu, mtu mzima wa kuheshimika, akajitupa ndani ya kichaka cha kahawa na nguo zake za kanisani. Wakhisi naye alikimbilia upande wa pili mpaka akaangusha nyanya za mtu. Hakuna aliyecheka. Kwa Wabukusu ndivyo ilivyo. Mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawapiti njia moja, na nyumba ya mkwe mama haingii. Mtu analelewa nalo jambo hilo mpaka linakuwa la mwili. Akili haiulizwi.

Aliingia behewa la tatu baada ya kulivua lile koti. Dishon alikuwa amesimama, ameshangaa.

"Afande, huyu mama ana nini? Amejificha kama aliyemwona mkwe wake. Hata sisi tuna heshima na mama mkwe, lakini…" Hapo naye akaelewa.

Wakhisi alikaa benchi la mbele, mbali kidogo, akasema kwa lugha ya kwao. "Mayi, mama. Ni mimi, Wakhisi. Yeye hayupo."

Leso haikuteremka.

"Ijumaa hukusema uongo. Hukumwona mtu. Ulifunika macho."

"Nilifunika," ilisema sauti ndani ya leso. "Mlango ulifunguka, nikaona koti, nikaona ni… nikafunika. Sikujua kitu. Nilisema moyoni, anafanya kazi yake, mimi nimekaa vibaya, nimemzibia njia. Niliona haya. Mlango ukafungwa. Ndipo nikasikia yule kijana akilia kwamba gadi amekufa."

"Mama, Agneta ameolewa na nani?"

"Usiniulize jina. Mimi silitaji jina hilo. Tangu aolewe sijalitaja."

"Ni Wepukhulu?"

Leso iliinama mpaka ikagusa kikapu.

"Jana Agneta alikuja kanisani," Nasipwondi alisema. "Amevimba hapa, kwa shavu. Aliniambia, mama, ukisema, sisi hutatuona. Mimi na watoto. Baba wa watoto amesema hivyo, na anasema kweli, amefunga madirisha. Ndiyo maana nilikuomba. Sikuweza kukueleza. Nilikuomba tu, utume mtu."

Wakhisi alisimama. Kikombe cha chai kilimjia machoni, kimejaa hivi, hakikunywewa. Ni yeye, kwa ulimi wake, aliyemwambia muuaji kwamba leo mama anarudishwa mlangoni ili akumbuke. Alikuwa ameombwa askari mmoja tu.

"Simu!" alipiga kelele. "Dishon, simu ya stesheni!"

Simu ya stesheni ilikuwa imekufa. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo mahali fulani, na stesheni masta aliipiga ile simu makofi kama mtoto mtundu bila kupata hata mlio. Walikimbia mpaka barabarani, Nasipwondi nyuma yao, amekiacha kikapu kwenye treni. Gari la kwanza kutokea lilikuwa lori la samaki kutoka Asembo Bay. Dishon alisimama katikati ya lami na bastola mkononi. Dereva alisimamisha akitaja jina la Nyasaye, Mungu wake.

"Kisumu. Nyumba za reli," alisema Wakhisi. "Usisimame kwa sababu yoyote."

Njiani Nasipwondi alikaa kati yao, mikono imeshika dashibodi, akiomba kwa midomo bila sauti. Wakhisi alitaka kumwambia kwamba watawahi, akaacha. Aliogopa kulisema lisije likawa uongo wa pili kwa siku moja, baada ya lile la "tukirudi".

Walipofika, mvua ilikuwa imepungua. Majirani walikuwa wamesimama nje, mbali, wanawake wamewashika watoto wao. Hakuna aliyekaribia mlango wa Wepukhulu. Mwanamke mmoja alimjia Dishon mbio.

"Amejifungia nao tangu asubuhi," alisema. "Sasa hivi tumesikia mtungi ukigonga. Nusa, afande. Nusa mwenyewe."

Ilikuwa harufu ya mafuta ya taa. Ilitoka chini ya mlango.

Wakhisi alimwonyesha Dishon kwa kidole azunguke nyuma ya nyumba. Yeye akasogea ukutani. "Wepukhulu! Ni Wakhisi. Fungua tuongee kama watu wa nyumbani."

"Ukigusa mlango nawasha!" Sauti haikuwa ile ya chai. "Kiberiti ninacho mkononi. Nitawasha, tuishe sote!"

Ndani mtoto alianza kulia, akazibwa mdomo.

Wakhisi alipima mlango kwa macho. Mbao nene za reli, komeo la chuma. Angeuvunja kwa mapigo mangapi? Kiberiti kinahitaji pigo moja. Alijua sheria, alijua bastola, alijua kuandika maelezo ya shahidi, na hakuna hata kimoja kilichofaa kitu.

Nasipwondi alimpita. Alipita tu, bila kuomba ruhusa, akasimama mbele ya mlango ambao hajawahi kuusogelea tangu binti yake aolewe. Aliivua leso kichwani akaifunga kiunoni, kama mtu anayekwenda kulima.

"Baba wa watoto," aliita. "Ni mimi. Mama yake Agneta. Naingia."

"Mama, usiingie!" Wepukhulu alisema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtoto aliyekutwa uchi. "Mama, nakuomba! Usifanye hivyo! Simama huko!"

"Naingia. Agneta, fungua."

"Mama, nakuomba!"

Komeo liligongana na chuma. Mlango ulifunguka, na Wakhisi, aliyekuwa nyuma ya bega la Nasipwondi, aliona chumba chote kwa mara moja. Agneta mlangoni, nguo imemganda kwa mafuta. Watoto wawili chini ya meza. Wepukhulu katikati, kiberiti mkononi. Nasipwondi alivuka kizingiti, akamtazama mkwe wake usoni, macho kwa macho.

Wepukhulu hakuwasha. Alipiga ukelele, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, kiberiti kikaanguka kwenye mafuta, kikalowa. Akageuka, akakimbilia dirisha la nyuma, akalisukuma, akatoka kichwa mbele. Walisikia Dishon akimpokea huko nje, na pingu zikifungwa.

Wakhisi alikiokota kiberiti. Watoto walikuwa wametoka chini ya meza, hai, wanakohoa. Nasipwondi alipiga magoti, akawashika mmoja huku na mmoja huku, akawanusa vichwa, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Agneta hakulia. Alikuwa amesimama pale pale alipofungulia komeo, shavu limevimba, akilitazama dirisha.

"Umeingia nyumba ya mkweo," alisema.

"Nimeingia, mwanangu."

"Watamnyonga?"

Nasipwondi alimtazama Wakhisi, na Wakhisi akatazama sakafu.

"Nani aliwaambia kwamba ni yeye?" Agneta aliuliza.

Wakhisi angeweza kusema ni yeye aliyegundua, na isingekuwa uongo. Alifungua kinywa. Nasipwondi alimwahi.

"Ni mimi," alisema.

Agneta aliwavuta watoto kutoka mikononi mwa mama yake, mmoja kisha mwingine, bila nguvu, kama mtu anayeanua nguo kambani. Akawaweka nyuma ya sketi yake.

"Toka nyumbani kwangu, mama," alisema.

"Agneta."

"Toka."

Nasipwondi aliinuka kwa shida, mkono ukutani. Wakhisi alimpisha mlangoni. Nje majirani walikuwa wamekaribia sasa, wote wanaongea kwa pamoja, na huko mbele Dishon alikuwa akimpandisha mtu wake kwenye lori la samaki. Nasipwondi hakutazama huko. Alifungua leso kiunoni, akajifutia uso, akaketi kwenye ngazi ya nyumba ya jirani, nguo zote maji matupu.

"Yule kijana mnayemfunga bure, kesi yake ni kesho?" aliuliza.

"Kesho asubuhi, mama."

"Toa karatasi. Andika sasa hivi, baba, kabla sijaanza kuogopa tena."